Kuachia ASBL viwanja na maktaba za mji: Glasgow ilipata nini, ililipa nini

Katika miji yetu ya mashariki, mara nyingi kiwanja cha mpira, nyumba ya vijana ao biblioteki inasimama kwa nguvu ya paroasi, shule ao ASBL fulani, si kwa nguvu ya komini. Ndiyo maana wazo moja linarudi kila mara: mji uachie shirika moja lisilotafuta faida kazi hiyo yote, kwa kontra. Kule Uskoti, mji wa Glasgow ulifanya hivyo tangu 2007. Mambo yaliyoupata yanafaa kuangaliwa kabla ya kuiga.

Kodi ndiyo ilianza

Mwaka huo halmashauri ya mji iliunda shirika ambalo leo linaitwa Glasgow Life. Ikalikabizi maktaba, makumbusho, pisini na sale za michezo. Si kikundi cha wenye mapenzi mema waliojianzisha wenyewe: ni shirika la hisani lililoandikishwa, lakini mwenye nalo ni halmashauri peke yake. Komite yake ya uongozi ina washauri wa mji pamoja na watu wa inje.

Sababu moja kubwa ilikuwa kodi ya majengo. Kule, shirika la hisani linasamehewa asilimia 80 ya kodi hiyo, na halmashauri inaweza kusamehe hata ile 20 inayobaki. Pisini ni ile ile, wafanyakazi ni wale wale. Anayeiendesha akibadilika, kodi inashuka. Tena, shirika kama hilo linaweza kuomba msaada kwa wafadhili wasiopenda kutia feza katika mfuko wa serikali.

Kuna faida ingine. Feza inayoingia kwa tiketi za pisini na sale za mazoezi haigawiwi kwa mtu yeyote. Inasaidia kazi isiyoingiza kitu, kama maktaba ambamo mtoto anasoma bure.

Lakini akiba inayotoka kwa msamaha wa kodi iko mkononi mwa mwingine. Mwaka wa 2017 tume iliyochunguza kodi hiyo Uskoti ilipendekeza msamaha uondolewe kwa mashirika yaliyoundwa na halmashauri. Kelele zikapanda, na serikali ikaacha yale yaliyokuwepo yaendelee. Kama ingekubali, hesabu za miji mingi zingeanguka kwa siku moja.

Pisini ilipofungwa

Jaribu kubwa lilikuja Machi 2020, na korona. Milango yote ikafungwa, tiketi zikakosa mnunuzi. Pisini ndiyo ilikuwa inalisha biblioteki. Sasa zote mbili zikalala njaa. Hata vizuizi vilipoanza kulegezwa 2021, nyumba nyingi zilibaki na kufuli. Katika mitaa kama Whiteinch na Maryhill, wakaaji walisimama mbele ya maktaba zao na vitabu mkononi, wakidai zifunguliwe. Kilichozifungua ni feza ya serikali. Shirika peke yake halikuweza.

Pale njo swali gumu lilitokea: mkaaji amulaumu nani? Shirika linasema halmashauri haikutoa feza ya kutosha. Halmashauri inasema uamuzi ni wa shirika. Sheria ya Uskoti ya 1973 inajibu kwa sehemu: halmashauri ndiyo inapaswa kuhakikisha watu wana huduma ya maktaba inayotosha, hata kama mwingine ndiye anashika funguo. Mji unaweza kugawa kazi, lakini hauwezi kugawa wajibu. Mji wa Falkirk, usio mbali na Glasgow, ulienda mpaka kurudisha kazi hizo mikononi mwa halmashauri yenyewe mwaka wa 2022.

Na sisi huku?

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaipa ASBL nafasi ya kufanya kazi kama hizi, mradi wanamemba wasigawane faida. Lakini tofauti ni kubwa. Glasgow Life ilianza na majengo yaliyosimama na budjeti ya mji nyuma yake. Huku Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki katika majimbo, na sheria inataka sehemu yake iende kwa miji, komini na sheferi. Ginsi feza hiyo inavyochelewa ao kukosa kufika, kila bulugumestri anajua. ASBL inayopewa kiwanja bila budjeti inapewa mzigo tu.

Basi, kontra kama hiyo ikitajwa mtaani, wakaaji waulize mapema. Hati ya kiwanja inabaki kwa jina la nani? Kama ni la ASBL, siku komite inagombana kiwanja kinaweza kukatwa parsele. Komini inaahidi kutoa kiasi gani, kwa miaka mingapi? Hesabu zitasomwa wapi, mbele ya nani? Na tiketi ikipanda bei, mtoto asiye na kitu ataingia kwa mlango gani?

Glasgow, pamoja na utajiri wake wote, ilipata majibu ya mengine wakati milango ilikuwa tayari imefungwa. Huku, nyumba ya vijana ikifungwa mwaka mmoja, ni nani atarudi kuifungua?