Kuzipima Nguvu za Gari



Vijana wetu hapa Uingereza wanapotafuta gari lililokwisha kutumika, hukutana na wauzaji wanaolisifu kwa idadi ya farasi: "Injini imeongezwa nguvu, sasa ina farasi 250." Bei nayo hupanda kwa maneno hayo. Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwezi huu twaeleza namna ya kuyapima maneno hayo kabla akiba ya nyumba haijatoka.

Njia yenyewe yatokana na mbio za robo maili, yaani mita 402, ambazo gari huondoka likiwa limesimama na kufuata njia iliyonyooka. Uwanja mashuhuri wa mbio hizo nchini humu ni Santa Pod, uliofunguliwa mwaka 1966 penye kiwanja cha zamani cha ndege za vita. Siku maalumu, hata mwenye gari la kawaida huruhusiwa kukimbia humo, naye hupewa karatasi yenye muda wake na kasi yake ya mwishoni.

Tutazame kasi kuliko muda. Muda huharibiwa na tairi zinazoteleza, au dereva asiyejua kuachia klachi. Kasi ya mwishoni haibadiliki sana kwa makosa hayo.

Hesabu ni hii: kasi, kwa maili kwa saa, igawanywe kwa 234, namba iliyotokana na uzoefu wa mbio hizo. Jibu lizidishwe kwa lenyewe, kisha kwa lenyewe tena. Mwisho lizidishwe kwa uzito wa gari pamoja na dereva, kwa ratili. Gari la ratili 3,300 likimaliza kwa maili 90 kwa saa, lina farasi wapatao 188. Ili kuwafikia wale 250, lingepaswa kumaliza kwa maili 99. Upepo na joto huyumbisha jibu kidogo, lakini si kwa farasi 60.

Muuzaji aombwe karatasi hiyo. Na ikiwa nguvu zimeongezwa kweli, kampuni ya bima iarifiwe. Bila hivyo, siku ya ajali huenda ikakataa kulipa.

Twawasihi vijana: kipimo hiki ni cha uwanjani. Barabara ni ya watoto wetu pia.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa.