Kibarua Mwenye Joho



Neno "kibarua" hapo awali lilikuwa na maana ya barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku, nacho kikatiwa alama kila alipomaliza kazi. Kikijaa alama, mwenyewe alikipeleka akalipwa. Leo nawaandikia juu ya kibarua wa namna nyingine. Yeye ana joho na shahada mbili au tatu. Kikaratasi chake kimejaa alama tangu zamani, wala hapana anayekipokea.

TUNAYOYAONA

Katika mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo yumo mhadhiri wa muda wa idara ya saikolojia katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya. Huu ni mwaka wake wa tisa katika kazi hiyo "ya muda". Kila muhula huandikiwa barua mpya, na mara nyingine barua humfikia akiwa amekwisha kufundisha majuma manne. Likizo ya muhula ikianza, ujira husimama. Hana bima ya afya kutoka chuoni wala akiba ya uzeeni, wala hana chumba cha kukutana na wanafunzi wake. Alipokuja ofisini kwangu kuomba msaada wa karo ya binti yake, alikuwa akidai malipo ya mihula minne. Akaniambia: "Padre, asubuhi nawafundisha vijana namna ya kumtuliza mtu mwenye wasiwasi. Jioni nazima simu ili mwenye nyumba asinipate."

Tufanye hesabu kidogo. Somo la saa tatu kwa juma, katika muhula wa majuma 14, ni saa 42 za darasani, na kwa kawaida hizo ndizo zinazolipwa. Wanafunzi wakiwa 150, naye akitumia dakika 15 tu kusahihisha karatasi ya kila mmoja, hizo ni saa 37 na nusu nyingine, ambazo hazimo katika malipo. Hatujataja matayarisho, majaribio ya katikati ya muhula, wala mwanafunzi anayemngoja mlangoni akilia. Tena fedha hizo za saa 42 hutolewa baada ya alama kuwasilishwa na fomu kupita meza nyingi, na juu ya meza hizo fomu hulala usingizi mzito.

Je, hali hii ilitoka wapi? Mwaka 1990 vyuo vikuu vyetu vilipokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani na wa kwanza wa 8-4-4. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanaojilipia, na vingine vikafuata. Madarasa yakaongezeka, matawi yakafunguliwa mijini juu ya maduka, na wahadhiri wa muda wakaitwa kuziba pengo. Kisha, mwaka 2016, waliopata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa kidato cha nne walishuka hadi chini ya 90,000, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Karibu wote waliofaulu wakapata nafasi za serikali, na mapato ya wanaojilipia yakakauka. Mzigo wa kosa hilo la hesabu ulitupwa juu ya yule asiye na mkataba wa kumlinda. Wahadhiri wa kudumu walipogoma mwaka 2025 kudai malimbikizo ya makubaliano ya miaka ya 2017 hadi 2021, nchi nzima ilisikia. Wa muda hawana mgomo unaosikika, maana yeye akigoma, barua ya muhula ujao haiji.

KWA NINI SAIKOLOJIA?

Huenda mtu akauliza kwa nini nataja idara hii. Nami najibu: kwa sababu hapa madhara huvuka ukuta wa chuo na kuingia majumbani mwetu. Kijana anayesomea ushauri nasaha hafundishwi kwa maandiko peke yake. Hupelekwa hospitalini, shuleni na gerezani kufanya mazoezi, akikabidhiwa siri na machozi ya watu. Humhitaji msimamizi anayemfahamu, atakayeona makosa yake ya muhula wa kwanza na kuyarekebisha muhula wa pili. Msimamizi akiondoka kila baada ya miezi minne, ni nani atakayejua kwamba kijana huyu bado hajakomaa kuketi na mjane aliyekata tamaa? Mwaka 2014 Bunge letu lilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia ili kuulinda umma dhidi ya wasiohitimu. Ni vema. Lakini twawezaje kudai mshauri bora huku anayemlea tukimfukuza na kumwita tena kama mvunaji wa msimu?

Tena idara hii yenyewe hufundisha utafiti wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilifungwa. Marie Jahoda na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1933, walionyesha jinsi kukosa kazi kunavyomvunja mtu moyo, hata akapoteza mpango wa siku zake. Mhadhiri huyafundisha hayo jukwaani, naye hajui kama atakuwa na kazi mwezi ujao!

WANAYOSEMA WATETEZI

Wa kwanza husema: "Walikubali wenyewe, walitia sahihi." Papa Leo XIII alilijibu neno hili mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, iwapo mfanyakazi ameyapokea kwa kusukumwa na shida. Mwenye njaa hachagui, husukumwa.

Wa pili husema: "Kazi ni ya muda." Kozi hiyo ipo katika mtaala kila mwaka, na wanafunzi wapo kila mwaka. Kazi ni ya kudumu. Kilichofanywa cha muda ni mtu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinazuia mwajiri kumweka mtu katika hali ya kibarua wakati kazi yake haina mwisho wa karibu. Najua mawakili watasema kwamba mkataba wa muhula si ukibarua wa siku. Na waseme. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, na dhamiri haihitaji wakili kufahamu maana yake.

Wa tatu husema: "Fedha hakuna, iulizeni serikali." Hapa pana ukweli. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alimtaja pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote ambao sheria na mipango yao huamua hali ya mfanyakazi. Serikali inayofungua vyuo bila kuvigharimia imo katika dhambi hii. Lakini deni la mmoja halifuti deni la mwingine. Ahadi ni deni, na Torati iliamuru maskini alipwe kabla ya jua kutua. Mtume Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele mbele ya Mungu.

Nawageukia pia wahadhiri wenyewe. Baadhi huzuia alama za wanafunzi mpaka walipwe. Siwezi kulibariki jambo hilo, maana anayeumia ni mtoto wa mkulima aliyeuza ng'ombe, akakosa kuhitimu kwa sababu ya alama moja. Hata hivyo, anayemlaumu mhadhiri bila kumlaumu aliyemdhulumu kwanza ni hakimu mpotovu.

TUFANYE NINI?

Tuanze nyumbani. Kanisa letu lina shule, hospitali na vyuo. Tusiikemee serikali ilhali nasi tunao walimu wa mikataba isiyoisha. Halmashauri ya parokia iulize kwa heshima, tena kwa maandishi.

Pili, miongoni mwetu wamo wajumbe wa mabaraza ya vyuo, wahasibu na wakuu wa idara. Ndugu yangu, fomu iliyolala mezani pako ni chakula cha watoto wa mtu. Itie sahihi leo.

Tatu, mhadhiri ahifadhi kila barua, ratiba na fomu, kisha azilete kwa Kamati ya Haki na Amani ya parokia. Mmoja akidai peke yake hunyamazishwa. Ishirini wakidai pamoja watasikiwa.

MASWALI YA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu anayefanya kazi ya kudumu kwa barua ya muda?
2. Je, katika nyumba zetu na taasisi zetu, yupo ambaye ujira wake umelala kwetu hadi jua limekuchwa?
3. Jumuiya yetu itachukua hatua gani kabla ya muhula ujao, na ni nani atakayetuletea taarifa?