Oveni Iligoma, Daktari wa Lugha Akakosa Maneno

Jumapili moja hapa Rongo, mpwa wangu alikuwa amekwisha kukoroga unga wa keki na kuumimina katika sufuria. Kilichobaki ni moto. Nikaizungusha swichi ya oveni, nikaibonyeza, cheche zikalia, lakini moto haukuja. Nikaufunga mlango, nikarudia mara ya pili, ya tatu, hata ya nne. Mtoto akaniambia, "Mjomba, kuna harufu."

Nikampigia simu fundi mmoja wa mjini. "Fundi, oveni imeharibika," nikasema.

"Imeharibika vipi, Mwalimu?"

"Haifanyi kazi. Na gesi inanuka."

"Basi kwanza funga mtungi, fungua mlango na madirisha, wala usiguse swichi ya taa. Mkae nje kidogo. Harufu ikiisha kabisa, nieleze: inatoa cheche? Meko ya juu yanawaka? Moto hauji kabisa, ama unakuja kisha unazimika ukiachilia swichi?"

Waama, niliona haya. Nina shahada ya uzamifu katika isimu, nami sikuwa na la kumwambia kijana yule ila kwamba kitu "hakifanyi kazi".

Hebu tuyatazame maswali yake, kwa maana kila moja lina elimu ndani yake. Ikiwa hakuna cheche, kasoro huwa katika kiwashio: pengine umeme umepotea, betri imekwisha, au ncha ya kutolea cheche imelowa maji baada ya usafi. Ikiwa cheche zipo lakini hata meko ya juu hayawaki, gesi haifiki: mtungi ni mtupu, regulata haikukaa sawasawa, au mpira umekunjika. Na ikiwa moto unashika lakini unazimika mara tu swichi inapoachiliwa, huenda hukuibonyeza kwa sekunde za kutosha, au kuna hitilafu katika themokapo, yaani kile kijiti cha chuma kinachohisi joto. Kikipata moto hutoa umeme kidogo unaoiacha njia ya gesi wazi. Kikichafuka au kikisogea, njia hujifunga ili gesi isimwagike bure.

Kwangu cheche zilikuwapo na meko ya juu yaliwaka. Fundi alipokuja siku ya pili, alikuta mafuta ya mapishi ya zamani yameziba matundu ya bomba la moto, hasa yale yaliyo karibu na cheche. Gesi ilipenya kwingine pasipo kukutana na moto. Alisafisha kwa brashi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira aone kama litatoa mapovu, na kazi ikaisha.

Lakini kazi yangu mimi haikuisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, sakafuni na ndani ya oveni iliyofungwa. Kwa asili haina harufu. Uvundo ule hutiwa makusudi ili utuonye. Mtu anayerudia kuwasha huku mlango umefungwa hulimbikiza maafa, na cheche ya tano huweza kuwa ya mwisho. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya, na mtoto wa watu amesimama kando yangu.

Maonyo hayo yote yamo katika kijitabu kilichokuja na oveni. Kimepigwa chapa kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa za mbali, Kiswahili hakimo. Ilhali Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi bidhaa. Habari asiyoielewa mpishi si habari.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. La hasha! Fundi yule aliyasema yote kwa Kiswahili, tena kwa mpango mzuri. Lugha yetu haijapata kuogopa kukopa. Tanuri na kiberiti tulivichukua kwa Waarabu, na kiberiti kwao ni salfa. Hata neno gesi lilibuniwa na van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, kutokana na neno la Kigiriki. Basi themokapo itatushindaje?

Tulichokosa si maneno bali mazoea. Darasani Kiswahili tumekifanya lugha ya methali na mashairi, na sayansi tumeiachia Kiingereza. Mwanafunzi wetu aweza kuipamba insha kwa tashbihi kumi, lakini mwambie aeleze kwa nini jiko haliwaki, atajibu kama nilivyojibu mimi. Wenzetu wa Tanzania hufundisha sayansi ya shule za msingi za umma kwa Kiswahili, na hawajapungukiwa kitu kwa hilo.

Ninawaomba walimu wenzangu watoe insha ya namna hii walau mara moja kwa muhula: eleza kasoro ya chombo kimoja cha nyumbani, ulichokiona, ulichokisikia, na hatua za kuchukua kwa mpangilio. Nanyi wanafunzi wa isimu, kabla ya kubuni istilahi mezani, nendeni kwa mafundi wa Rongo, Awendo na Homa Bay mkayaandike maneno wanayotumia. Wao wamekwisha kuyapata.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini auulizaye msaada sharti aweze kusema kimpatacho, na gesi haimngojei mtu atafute neno.