Pikipiki Kuukuu: Tuifufue au Tuiage?



Swali la mwezi huu laweza kuikuta nyumba yoyote ya wenzetu hapa Uingereza. Mzee wa familia ameaga dunia, na katika kibanda cha nyuma imekutwa pikipiki yake, BSA Bantam, iliyolala miaka mingi chini ya turubali. Mwana mmoja ataka itengenezwe. Mwingine ataka ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama yao amenyamaza.

Yafaa kwanza kukijua kinachogombewa. Bantam ziliundwa Birmingham kuanzia 1948 hadi 1971, na za mwanzo zilikuwa na injini ya cc 125. Mchoro wake wa asili ulikuwa wa kiwanda cha DKW cha Ujerumani, ukachukuliwa kuwa fidia ya Vita Vikuu vya Pili. Zilikuwa za bei nafuu, zikawabeba wafanyakazi na matarishi wa Posta. Maadamu zilitengenezwa kwa wingi, vipuri vyake vyapatikana hata leo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo si kitu adimu.

Katika ukaguzi, kutu ya juu na rangi iliyobabuka si hakimu. Anzeni na fremu: je, imepinda, au imeliwa na kutu hadi kutoboka? Kisha linganisheni nambari za fremu na za injini na hati ya usajili. Injini nayo msiipige kiki kwa nguvu. Fungueni plagi, tieni mafuta kidogo ndani ya silinda, iacheni siku moja au mbili, ndipo muizungushe taratibu. Ikizunguka, matumaini yapo. Ikikataa, haijafa, ila gharama imepanda. Tairi zibadilishwe hata zikiwa na meno, kwani mpira huzeeka.

Ndipo ije hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni kila kipuri na bei yake, kisha ongezeni theluthi kwa yasiyotazamiwa. Ulizeni Bantam nzima inayotembea yauzwa kiasi gani. Aghalabu gharama ya kufufua huipita bei hiyo. Chombo kilichopita miaka 40 chaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka, lakini msamaha wa kodi huombwa, na bima haina msamaha.

Kwa mfanyabiashara, basi, jawabu ni kuiuza ilivyo, tena kwa mpenda pikipiki, si kwa uzito wa chuma. Lakini urithi haupimwi kwa pauni pekee. Chombo kilichompeleka baba kazini katika asubuhi za baridi, ndicho kilichowalisha hao wanaobishana. Kukitumilia zaidi ya bei ya soko si upumbavu, mradi fedha hizo zisitoke katika karo za watoto, wala matunzo ya mama, wala haki ya jamaa wanaotutegemea nyumbani.

Na mama aulizwe. Kunyamaza kwake si idhini. Yeye naye ni mrithi. Akiridhia, wana wote wawili washike spana. Asiporiadhia, au fedha zisipotosha, ipigwe picha, iuzwe kwa heshima, na kila mrithi apewe fungu lake.