Kijerumani Si cha Mwenye Kiingereza Pekee



Miezi michache iliyopita, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa hapa Mbeya alitusubiri mlangoni mwa ofisi ya kamati. Mkononi alishika bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi mbili zilizoandikwa kwa kalamu, hazina muhuri wala anwani. Binti yake amehitimu uuguzi na ajira hajapata. Akatokea mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakala, akawaahidi kazi Ujerumani ndani ya miezi mitatu, akasema lugha binti atajifunzia hukohuko. Mzee akauza ng'ombe wawili na kipande cha shamba la viazi. Sasa simu ya wakala haipatikani.

"Ustadhi," akatuambia, "nataka mambo mawili. Niandikie maelezo ya kupeleka polisi. Kisha niambie kweli: huyu mwanangu, ambaye lugha ya kigeni aijuayo ni Kiingereza tu cha shule, anaweza kujifunza Kijerumani, au nimwambie akae?"

Maelezo tuliyaandika usiku uleule. Swali la pili tukaomba muda, na makala hii ni jibu lake, kwani tunajua wapo wazazi wengine wenye swali hilo hilo, Mbeya na Iringa pia.

Kwanza tuliseme la wakala, maana halihitaji maneno mengi. Viwango vya lugha vinavyotumika Ulaya ni sita, kuanzia A1 hadi C2. Kijana anayekwenda kuishi na familia ya Kijerumani akisaidia kulea watoto hutakiwa awe na A1 na awe hajatimiza miaka 27. Mume au mke anayemfuata mwenzake kwa kawaida hutakiwa A1 vilevile. Muuguzi, ili cheti chake kitambuliwe kikamilifu, kwa kawaida hutakiwa afike B2, na hata wale wanaopokewa wakamalizie masomo huko hutakiwa wawe wamekwisha fika kiwango fulani kabla ya kupewa viza. Kwa hiyo anayewaambia kwamba muuguzi anaweza kuondoka leo na lugha ataikuta mbele ya safari, anawauzia upepo. Mwulizeni swali moja tu: cheti cha lugha kiko wapi, na kimetolewa na nani?

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe.

Nasi tulipata kuanza kuisoma. Wakati tulipokuwa chuoni tulinunua kitabu kikuukuu cha Kijerumani kwenye meza ya vitabu vya mtumba Mwanjelwa, tukiwa na tamaa ya kujua Wajerumani wameandika nini juu ya Kiarabu, kwa kuwa kamusi ya Hans Wehr, ambayo wanafunzi wa Kiarabu dunia nzima huitegemea, ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1952 kabla ya kutolewa kwa Kiingereza. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya Mwingereza asiyejua lugha nyingine yoyote. Kila ukurasa kilimwomba radhi. Kilimwambia: usishtuke, majina ya Kijerumani yana jinsia tatu. Usikate tamaa, neno hubadilika kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Vumilia, namba husomwa kinyume. Tukasoma kurasa arobaini hivi, tukaamini kwamba lugha hii ni jabali, tukakifunga.

Kosa lilikuwa letu. Tuliingia kwa mlango wa Mwingereza na kuibeba hofu yake, ilhali nyumbani kwetu tulikuwa na funguo mbili ambazo yeye hana: Kiswahili, na nahau ya Kiarabu tuliyoisomea madrasa.

Tuanze na hizo namba. Mjerumani akitaka kusema 47 husema saba na arobaini, siebenundvierzig. Mwanafunzi wa Kiingereza hulia hapo. Lakini mtoto wa madrasa amekwisha kuhesabu hivyo tangu ana miaka minane: sab'a wa arba'un. Utaratibu ni uleule. Tunalitaja hili kwanza kwa sababu ni la muuguzi. Anayesikia saba na arobaini akaandika 74 kwenye chati ya dawa hakukosea sarufi, amemkosea mgonjwa.

Jinsia nazo. Kijerumani kina der kwa dhakari, die kwa uke, na das kwa isiyo na upande. Katika Kiarabu jua, shams, ni jina la kike, na mwezi, qamar, ni la kiume. Katika Kijerumani ni hivyo hivyo: die Sonne, der Mond. Wafaransa wamegeuza, kwao jua ni la kiume na mwezi ni wa kike. Ile ya tatu, das, ndiyo ngeni kwa mwenye Kiarabu, nayo ina vituko vyake, kwa mfano msichana, das Mädchen, hana jinsia ya kike kisarufi, kwa kuwa kila jina linaloishia na -chen huingia humo. Hapo Kiswahili kinatuokoa. Mswahili hashangai kwamba jina lina kundi lake lisilofuata maana. Hatujiulizi kwa nini mti ni huu na meza ni hii. Tumelichukua jina pamoja na kiambishi chake tangu utotoni, na tukisikia mtu anasema "mti hii" masikio yanauma. Basi na asome namna hiyo. Asihifadhi Tisch, ahifadhi der Tisch, neno moja.

Na hicho kinachowatisha zaidi, hali nne za jina? Aliyepita katika Ajrumiyyah, hata kama hakuimaliza, anajua raf'u, nasbu na jarri. Mtendaji ni marfu', mtendwa ni mansubu. Mjerumani naye husema der Mann akiwa mtendaji, na den Mann akiwa mtendwa. Baada ya baadhi ya viunganishi jina huingia katika hali nyingine, kama ifanyavyo harufu jarri: mit dem Bus, kwa basi. Tofauti ni kwamba Kiarabu hubadilisha mwisho wa neno, na Kijerumani mara nyingi hubadilisha lile neno dogo linalotangulia. Jarri yetu moja wao wameigawa mara mbili, moja ya mpewa na ya viunganishi vingi, na nyingine ya umilikaji, mfano wa mudhafu ilayhi. Faida yake ni ileile tunayoijua: sentensi inaweza kupanguliwa na maana isipotee. Der Vater gibt dem Sohn den Schlüssel, baba anampa mwana ufunguo. Ukianza na ufunguo, den Schlüssel gibt der Vater dem Sohn, bado anayetoa ni baba.

Hatusemi kwamba kila kitu ni chepesi. Matamshi mengine yanatukubali: ile ch ya Nacht, usiku, ni khaa tupu, na Mwingereza huisaka koo zima asiipate. W husomwa kama v yetu, v mara nyingi kama f, z kama ts. Lakini ü na ö hazimo katika Kiswahili wala katika Kiarabu, na hapo midomo ifundishwe upya. Kitenzi kukimbilia mwisho wa sentensi nacho kinachosha. Na Kiingereza, tuwe waadilifu, husaidia katika msamiati: Haus, Wasser, Hand, Finger, mwenye Kiingereza huyatambua. Basi na kitumike hapo, kisiwe ndiyo njia nzima.

Tulipoyaeleza haya Iringa, tulipokuwa wageni wa ndugu zetu huko baada ya darsa, mzee mmoja alituacha tumalize, kisha akasema: "Lugha ya watu waliochukua kichwa cha Mkwawa, ndiyo mnataka wajukuu zetu waihifadhi?"

Hakuna aliyecheka, wala halikuwa neno la kuchekwa. Lugalo pako karibu, ambapo mwaka 1891 jeshi la Zelewski lilishindwa na Wahehe. Kalenga, ngome iliyovunjwa kwa mizinga mwaka 1894, pako karibu zaidi. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake halikurudi ila mwaka 1954. Boma la Wajerumani lingali limesimama mjini, leo ni makumbusho. Mwaka 2023 rais wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza.

Tulimjibu kwa mambo mawili. La kwanza, majalada mengi ya utawala ule yamo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, yameandikwa Kijerumani, tena kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Nani atatusomea yaliyoandikwa juu ya babu zetu, ikiwa hakuna hata mjukuu mmoja aliyejifunza? La pili ni habari ya Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, Mwislamu na msomi, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903, ni kazi yake. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 aliporudi na mkewe wakuu wa koloni wakawazuia wasishuke Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Lugha aliijua, haikumkinga na dhuluma. Lakini ilimpa kauli yake mwenyewe, nasi leo tunamsoma.

Mzee alitikisa kichwa, hakusema ndiyo wala siyo. Baadaye alituuliza kama ni kweli neno "shule" tulilitoa kwao. Ni kweli, na "hela" pia, kutokana na sarafu yao ya heller.

Lipo na swali la binti kusafiri peke yake bila maharimu. Hili si la katibu wa kamati kulitolea hukumu. Tumempeleka mzee wetu kwa masheikh, nao wana kauli zaidi ya moja, na yeye, mkewe na binti wanazungumza. Tunachosema ni kwamba kusoma lugha hakulazimishi safari. Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliagizwa na Mtume (s.a.w.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, na akayajua kwa muda mfupi sana, akiwa palepale Madina.

Binti ameanza. Husoma kwa masomo ya bure ya Deutsche Welle katika simu, redio ileile ambayo baba yake huisikiliza kwa Kiswahili kila siku, na Jumamosi huja kwenye chumba cha madrasa pamoja na wenzake sita. Akiwa tayari atafanya mtihani Dar es Salaam, kwenye Goethe-Institut. Wakala hajapatikana, polisi wamempa mzee namba ya jalada. Jumamosi iliyopita alikaa karibu na mlango akisikiliza, kisha akauliza Wajerumani wanasemaje shikamoo. Tukamwambia hawana, ila wana Sie ya heshima, na kumwambia mkubwa usiyemzoea du ni sawa na kijana kumwambia babu "mambo". Akasema basi hilo wamfundishe binti mwanzo kabisa.

Darasa ni saa kumi na nusu, baada ya Alasiri. Atakayekuja aje na daftari, na kalamu za rangi tatu: buluu ya der, nyekundu ya die, kijani ya das.