Je, Tujitoe katika Jumuiya?



Kila mara mahindi yetu yanapozuiwa mpakani, swali hili huzuka. Huzuka sokoni, huzuka kilabuni, na huzuka hata darasani: Kwa nini tusijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki? Tubaki peke yetu, tuuze tunapotaka.

Ni swali la haki. Nchi haifungwi kamba na jumuiya. Lakini si swali la kujibiwa kwa hasira. Ni swali la hesabu, na wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Mimi si mchumi. Nina cheti cha elimu ya watu wazima tu. Hata hivyo hesabu yenyewe si ngumu, basi tuifanye pamoja.

Jumuiya ya sasa ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Nchi zilikuwa 3: Tanzania, Kenya na Uganda. Leo nchi ni 8. Tangu mwaka 2005 nchi hizi zina umoja wa forodha. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mazao na bidhaa za nchi mwanachama hazitozwi ushuru wa forodha zinapoingia nchi mwanachama nyingine. Lakini bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru. Kwa mahindi, ushuru uliopangwa ni asilimia 50. Kwa mchele ni asilimia 75.

Sasa chukua kalamu. Tuseme gunia lako la mahindi limefika Namanga na bei yake ni shilingi 60,000. Nchi yetu ikiwa ndani ya Jumuiya, na mzigo una cheti cha uasili, yaani karatasi inayoonyesha kwamba mahindi yamelimwa hapa, ushuru wa forodha ni sifuri. Nchi yetu ikiwa nje, asilimia 50 ya shilingi 60,000 ni shilingi 30,000. Nani atalipa shilingi hizo? Mnunuzi wa Nairobi hatakubali kuzibeba peke yake. Atarudi kwako shambani, atashusha bei. Ni kweli kwamba mwaka wa njaa Kenya huweza kuondoa ushuru kwa muda. Lakini mkulima hawezi kulima kwa kungojea njaa ya jirani.

Wanaotaka tujitoe nao wana hoja, na si haki kuwadharau. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Ilisema yana sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu wa mahindi yasiyokaushwa vizuri. Malori yalikuwa njiani. Baada ya siku chache zuio lililegezwa, yakawekwa masharti ya vyeti na kusajili wafanyabiashara. Lakini siku chache ni nyingi kwa mtu mwenye mzigo juu ya lori la kukodi. Mtu huyo akisema Jumuiya haina faida, mimi namwelewa.

Lakini tusijifiche. Sisi nasi tumezuia. Mwezi Oktoba 2017 wakubwa wetu walichoma moto vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga. Sababu iliyotolewa ni kuzuia mafua ya ndege. Mwezi huohuo ng'ombe wapatao 1,300 wa Wamasai wa Kenya waliovuka kutafuta malisho walikamatwa na kupigwa mnada. Mama wa upande wa pili aliyengoja vifaranga vyake alisema nini juu ya Jumuiya? Bila shaka alisema kama unavyosema wewe.

Na je, tukijitoa, mazuio yatakwisha? Hapana. Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika ya Kusini, kwa sababu nchi hizo zilikuwa zinazuia mazao yetu. Malawi na Afrika ya Kusini hazimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zimo pamoja nasi katika SADC, yaani Jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Mazungumzo yalifanyika na zuio likaondolewa muda si mrefu. Kwa hiyo ugonjwa huu wa kufunga milango haukuletwa na Jumuiya moja. Ukihama nyumba, utakuta mlango mwingine.

Wengine husema: "Mbona tulishajitoa COMESA na hatukufa?" Hoja hii ni nzuri, na inafaa tuiangalie kwa makini. COMESA ni soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Serikali iliogopa kupoteza mapato ya ushuru, na iliona ni mzigo kuwa katika vyama vingi kwa mara moja. Kila chama kina ada, kina mikutano, kina wajumbe wa kusafirishwa. Mimi naona uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Lakini kwa nini haukutuumiza sana? Kwa sababu milango mingine ilikuwa wazi. Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kongo tulikuwa nazo katika SADC. Kenya na Uganda tulikuwa nazo katika Jumuiya yetu, ambayo mkataba wake ulianza kufanya kazi Julai mwaka huohuo wa 2000.

Sasa tazama hali ya leo. Kenya haimo katika SADC. Sisi hatumo katika COMESA. Uganda, Rwanda na Burundi nazo hazimo katika SADC. Tukijitoa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, umoja wa forodha unaotuunganisha na nchi hizi nne unakatika. Upo mpango wa soko huru la Afrika nzima, lakini mpango huo bado mchanga, na ushuru wake unapunguzwa kidogo kidogo. Ndiyo maana nasema kujitoa COMESA na kujitoa Jumuiya si jambo moja. Ukitaka kuruka, agana na nyonga.

Waulize wazee wa kijiji chako habari za mwaka 1977. Jumuiya ya kwanza ilianza mwaka 1967. Ilikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, bandari, posta na simu za pamoja. Tulinung'unika kwamba viwanda vingi viko Kenya, na manung'uniko yale yalikuwa na ukweli. Siasa zetu zilikuwa mbalimbali. Mwaka 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere hakukubali kukaa naye meza moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwezi Februari mwaka huo tukafunga mpaka wetu na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Watu wa kabila moja, Wamasai kwa Wamasai, Wakuria kwa Wakuria, walikuwa pande mbili za mpaka uliofungwa. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa saini mwaka 1984, miaka 7 baada ya kuvunjika. Na wafanyakazi wa Jumuiya? Hata baada ya mwaka 2000 wazee wale walikuwa bado wanadai mafao yao Dar es Salaam. Wengine walikufa wakidai.

Hata wakubwa wa dunia hupata taabu hii. Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016 kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Waliotaka kutoka walikuwa karibu 52 katika kila watu 100. Ilitoka tarehe 31 Januari 2020, baada ya miaka mitatu na nusu ya mabishano. Tangu Januari 2021 mfanyabiashara wao wa samaki au nyama anayeuza Ulaya lazima awe na vyeti vya afya ambavyo zamani hakuvihitaji. Wapo Waingereza wanaosema ilifaa, kwa kuwa sasa wanajitungia sheria zao. Hiyo ni hesabu yao.

Mkataba wetu unaruhusu kujitoa. Lazima Bunge likubali kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha nchi itoe taarifa kwa maandishi miezi 12 kabla. Hata ndani ya miezi hiyo nchi inaweza kubadili nia. Sharti hilo ni zuri. Linazuia watu wasiamue kwa hasira ya wiki moja. Mwezi Novemba 2013, wakati Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zinakutana bila sisi, Rais Kikwete aliliambia Bunge kwamba Tanzania haitajitoa. Naona alisema sawa.

Maoni yangu basi ni kwamba tubaki. Lakini tusibaki kama mgeni anayengoja kukaribishwa chakula. Tudai nchi ikitaka kuzuia mazao, itoe taarifa kabla malori hayajapakia. Tudai michango ya Jumuiya ilipwe na kila mwanachama, maana wapo wanaochelewa mno. Tukumbuke pia kwamba Jumuiya ina Mahakama yake, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishitaki serikali inayovunja mkataba, mradi afanye hivyo ndani ya miezi 2.

Na sisi wakulima tukaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Sumukuvu haikuzuliwa na Wakenya.

Tena jambo moja la mwisho kwa wanaovuka mpaka na mzigo mdogo. Ikiwa mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani, na mazao ni ya nchi za Jumuiya, kipo cheti chepesi cha uasili kwa ajili yako. Hutolewa na watu wa forodha hapohapo mpakani. Dalali akikuambia hakuna karatasi ya namna hiyo, umpe yeye pesa akuvushe, mpite. Nenda dirishani mwenyewe, uiombe, uisome, uweke saini yako.