Mazembe ni ya muji: bakubwa ba ekipe batupatie majibu

Lubumbashi, Januari 2025

Bandugu na badada, vijana ba Kamalondo, ba Kenya, ba Katuba, ba Ruashi na ba Kampemba, benye munavaa nyeusi na nyeupe na hata benye hamuvae,

Michezo sita, alama tano, nafasi ya mwisho. Njo vile TP Mazembe imemaliza makundi ya Ligi ya mabingwa ya Afrika musimu huu. Mu kundi letu mulikuwa Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Algeria na Young Africans ya Tanzania. MC Alger ilibeba kombe hii mara moja, mu 1976. Al Hilal na Yanga, hata mara moja. Sisi tulibeba mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na zote tatu zimemaliza mbele yetu.

Hapa kwetu, Yanga ilisawazisha dakika za mwisho kabisa, 1-1. Tarehe 4 Januari, kule Dar es Salaam, ikatupiga 3-1. Ushindi moja tu wenye tulipata, juu ya Al Hilal, ulikuja wakati mulango ulishafungwa.

Mutu asituambie ni bahati mbaya. Mu 2023, mu kombe ya Shirikisho, tulimaliza tena ba mwisho mu kundi, na Yanga ilitupiga kwao na kwetu. Katikati ya hizo aibu mbili kulikuwa 2024: ubingwa wa nchi na demi-finali ya Ligi ya mabingwa. Tulishukuru. Lakini Al Ahly ilitoka hapa na 0-0, halafu kule Cairo ikatupiga 3-0, na kila mutu aliona tofauti ya ekipe yenye inajengwa na ekipe yenye inaokoteza.

Kila mara mambo inaharibika, tunasikia nyimbo ileile. Bachezaji habana moyo. Antrenere afukuzwe. Muamuzi alituibia. Tunasema hivi: muchezaji hajichague mwenyewe. Hajisaini kontra peke yake. Hajiweke ku nafasi yenye hajui. Kuko bantu benye banakaa mu biro, banaamua nani anakuja, nani anauzwa, nani anafundisha. Bale njo tunataka kusikia, na bale njo hatusikiake.

Tukumbuke kidogo, juu bamoja kati yetu balikuwa bangali batoto. Mu 2009 Mazembe ilienda ku kombe ya dunia ya kilabu, ikapigwa michezo yote mbili, na Pohang ya Korea na Auckland City ya New Zealand. Mwaka moja nyuma, kule Abu Dhabi, ilipiga Pachuca 1-0, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, ikaingia finali na Inter Milan. Tulipoteza 3-0, lakini hakuna ekipe ya Afrika yenye ilikuwa imefika pale mbele yetu. Na ile yote ilifanyika bila Trésor Mputu, juu FIFA ilikuwa imemusimamisha mwaka mzima. Nyota mukubwa hakukuwa, ekipe ilikuwa. Kidiaba, Kimwaki, Mihayo, Bedi, Kabangu, Kaluyituka: bantu benye balikuwa banajuana, benye balicheza pamoja mpaka moja anajua mwenzake atakimbia wapi.

Sasa sikia kisa ingine, yenye basemaji ba kilabu habapendake kukumbusha. Mu 2011 tulikuwa mabingwa mara mbili mufululizo. Tulipiga Simba ya Tanzania hapa na kule, tukaendelea mbele. Kisha CAF ikatutoa mu kombe juu ya Janvier Besala Bokungu, mwenye hakukuwa na haki ya kucheza. Simba ndiyo ilileta malalamiko. Ku uwanja hatukushindwa. Tulishindwa ku karatasi. Mpiga ngoma wa Cent pour cent mwenye alipasua mikono tribuni alikuwa na kosa gani mule? Na Kidiaba je? Ile ilikuwa kazi ya biro. Njo maana, wakati bakubwa banatuambia tuulize bachezaji paka, tunabaambia: historia ya ekipe hii inaonyesha vizuri kwamba biro pia inapotezaka michezo.

Tuje ku bachezaji. Mbwana Samatta alikuja hapa mu 2011 kutoka Simba, akiwa na miaka 18. Hakuna mwenye alimuomba atupatie kombe kesho yake. Alikaa, akakomaa, na mu 2015 alifunga mu michezo yote mbili ya finali na USM Alger. Mu Januari 2016 akachaguliwa muchezaji bora kati ya bale benye banacheza ndani ya Afrika, akaenda Genk. Rainford Kalaba alikuja kutoka Zambia, akakaa mpaka akakuwa sawa mutoto wa Kamalondo. Wakati Zambia ilibeba kombe ya Afrika 2012, penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, muchezaji wa Mazembe. Dirisha yetu ilikuwa wazi kwa jirani zetu, na bale benye baliingia balipewa wakati.

Kuuza haina mbaya. Ben Malango aende Raja, Jackson Muleka aende Standard Liège, ni haki yao, bana familia, na kilabu inaingiza franga. Ulizo letu ni hili: nani alitayarishwa kuchukua nafasi yao, na ile franga ilijenga nini? Wakati sisi tuko tunatafuta mufungaji, Fiston Mayele, Mukongomani, alitoka AS Vita mu 2021, akaenda Yanga. Mu 2023 akamaliza mufungaji bora wa kombe ileile ya Shirikisho yenye sisi tulimaliza ba mwisho. Dar es Salaam ilimuona. Biro yetu ilikuwa inaangalia wapi?

Sasa tuguse fasi yenye inauma. Moïse Katumbi ni prezida wa Mazembe tangu 1997. Hatutakana kazi yake. Stade ya Kamalondo iko pale, kila mutu anaiona. Akademi iko. Makombe ya 2009, 2010 na 2015 ilikuja chini yake. Lakini ekipe yenye inasimama juu ya mufuko ya mutu moja inatembea na homa ya ule mutu. Alikuwa gavana wa Katanga toka 2007 mpaka 2015. Mu 2016 alitoka inchi, akarudi 2019. Mu 2023 alikuwa kandida wa uprezida wa Republika. Kila upepo wa politiki ya Kinshasa unaingia mu vestiere yetu. Na mu muji huu haina Mazembe peke yake: mu Januari 2025 prezida wa Lupopo alikuwa gavana wa wakati ule, Jacques Kyabula. Ekipe mbili kubwa za Lubumbashi, mbili zote mu mikono ya banapolitiki. Derby yetu imekuwa sawa meeting mbili zenye zinakutana.

Matokeo yake ni nini? Ukiuliza juu ya bachezaji, banakuambia: wewe uko wa kambi gani? Ukisema kocha anakosea, banasema umetumwa. Ukisema prezida ajibu, banasema wewe ni wa serikali. Ukisifu goli, kambi ingine inasema wewe ni wa opozisio. Hivi njo bananyamazisha vijana. Harakati yetu haina chama, haina kandida, na maneno haya tungeyaandika vilevile kama Mazembe ingekuwa ya gavana na Lupopo ya Katumbi.

Angalia bale benye balitupiga. Yanga ni kilabu ya banachama. Mu 2022 banachama balikutana, bakapiga kura, Hersi Said akawa prezida. Haimaanishe kule kila kitu ni sawa. Pale pia franga za matajiri zina nguvu. Lakini mwanachama wa Yanga eko na karatasi, eko na mukutano, eko na fasi ya kusimama na kuuliza. Sisi, benye tunajaza Kamalondo na kuimba mpaka sauti inaisha, tuko na fasi gani? Nani kati yenu alishaona hesabu ya kilabu? Nani alishaalikwa asikie mupango wa musimu?

Na musiseme haiwezekane mu nyumba hii. Mu Novemba 2024, kule Morocco, ekipe ya badada ba Mazembe ilibeba Ligi ya mabingwa ya banamuke, ikapiga AS FAR 1-0 mu finali. AS FAR, ku inchi yao! Kilabu ileile, rangi ileile, biro ileile. Kumbe kujenga inajulikana, kama mutu anaamua kujenga. Miezi miwili nyuma, banaume bako ba mwisho mu kundi. Tunauliza: kile kilifanyika kwa badada, juu ya nini hakifanyike kwa banaume? Na tunauliza tena: badada benye balileta kombe, banalipwa na kuheshimiwa sawa na bale benye balileta alama tano?

Kuko benye banatuambia: vita iko mashariki, umeme unakatika, maji haitoke, vijana habana kazi, na nyinyi munaandika juu ya mupira? Ndiyo, tunaandika. Mu muji huu kijana anazoea kunyamaza toka udogo: mbele ya chefu, mbele ya polisi, mbele ya mukubwa wa kazi. Stade njo fasi moja yenye bantu elfu mingi banapaza sauti pamoja. Kama hata pale, juu ya kitu chenye tunapenda, hatuwezi kuuliza mukubwa "ulifanya nini na kile tulikupa?", tutaulizaje siku ya hesabu ya mines, siku ya hesabu ya barabara, siku ya kura? Mwenye anajifunza kuuliza prezida wa kilabu, kesho hataogopa kuuliza prezida wa Republika.

Kwa hiyo, tunaomba komite ya TP Mazembe mambo tatu, mbele musimu huu haujaisha.

Moja: mukutano wa wazi na basuportere, hapa Lubumbashi, wenye ulizo linaulizwa na jibu linatolewa. Hatutaki hotuba.

Mbili: mupango wa bachezaji uelezwe. Nani anatafuta bachezaji, anaangalia nini, na batoto ngapi ba akademi batapanda mu ekipe kubwa mwaka huu.

Tatu: viti vya basuportere ndani ya komite, vyenye basuportere benyewe banachagua, na badada bakiwa ndani. Na hesabu ya kilabu isomwe mara moja kwa mwaka.

Basuportere ba Lupopo, musicheke. Ombeni mambo ileile kwa prezida wenu, na tutawasaidia.

Kwa vijana bote: ku mchezo wenye unakuja Kamalondo, kuja na karatasi yenye neno moja, MAJIBU. Hakuna jiwe, hakuna matusi kwa muchezaji, hakuna kuvunja kiti cha stade yetu. Dakika ya 39, juu ekipe hii ilizaliwa mu 1939, inua karatasi, nyamaza dakika moja, kisha imba tena na nguvu yote.

Ekipe hii ilikuwa hapa mbele ya bale benye banaiongoza leo, na itabaki nyuma yao. Prezida anapita, kocha anapita, muchezaji anauzwa. Sisi njo tunabaki ku tribuni. Kwa hiyo tuko na haki ya kuuliza, na tutauliza mpaka jibu litoke.